Kengele ya Maurepierre

Maurepierre, siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwaka wa Bwana 1136

Kwa Shangazi yangu, Sista Aremburge, katika nyumba ya watawa ya Fontclaire.

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba Sista Richeut ameacha kukohoa katikati ya zaburi. Sisi huku hatujambo. Safari ilikuwa ndefu kwa sababu nyumbu alichechemea tangu darajani. Maroie mpishi aliponiona langoni alinishika mkono akaugeuza huku na huku, akasema, "Hao masista wamekufundisha kila kitu isipokuwa kula." Tangu siku hiyo ananishindilia kabichi na nyama ya nguruwe kama bata bukini wa sikukuu.

Baba anakusalimu. Kwa kweli hakusema hivyo. Alisema, "Mwandikie dada yangu kwamba paa la kanisa letu linavuja." Nimeona ni salamu.

Namkumbuka kila mtu hapo shuleni, hata Mama Abesi, mkuu wenu wa watawa. Wanafunzi walipocheka nikisoma wakati wa chakula, yeye alisema kijiko changu kina sauti kuliko mimi, na nililia. Sasa ningependa kuisikia hata sauti yake hiyo ya ukali. Huku hakuna anayesoma. Tangu Mama alipofariki funguo zote zilikuwa zimetundikwa msumarini, na Baba amenikabidhi. Ni nzito. Nikitembea nalia njuga kama mbuzi.

Shangazi, jambo lenyewe ni Josselin. Nilidhani nitamkuta nyumbani. Hakuna aliyeniambia. Kumbe siku ya Pentekoste Baba aliweka mikono yake ndani ya mikono ya Konti Hardouin, mtawala wa Brancourt, na kuapa kwamba mnara huu tunaoishi ni wa Konti, na kwamba atautoa siku yoyote Konti akiuomba. Na kama dhamana ya neno hilo akamtoa Josselin. Kaka yangu ana miaka kumi na tisa na amefungiwa katika ngome iliyo ng'ambo ya bustani yenu. Mwaka mzima nilikuwa nikiiona ngome ile kutoka dirisha la darasa, nikaihesabu kuwa sehemu ya mlima.

Najua masista hupeleka mkate kwa wafungwa kila Ijumaa. Je, umemwona? Anapata moto? Namfumia soksi za sufu, lakini unajua visigino vyangu vinavyopinda.

Mimi mwanao,
Osanne

*

Fontclaire, mkesha wa Watakatifu Wote

Kwa binti wa kaka yangu, Osanne.

Marahaba mwanangu. Garin muuza chumvi aliniletea barua yako ikinuka samaki, kwa hiyo nimeisoma nikiwa nimesimama dirishani. Sista Richeut anakohoa vilevile, sasa anakohoa kwa Kilatini. Tumevuna tufaha nyingi kuliko mapipa. Mwandiko wako umekuwa mzuri, ila umeandika jina la Mtakatifu Mikaeli kwa haraka kama mtu anayekimbia mbwa.

Josselin nimemwona. Amenenepa. Wamempa chumba cha juu chenye dirisha na anacheza dadu na walinzi. Wiki iliyopita alimshinda mmoja wao mkanda, na yule mlinzi alipita uani akishikilia suruali kwa mkono. Nilipomwambia unafuma soksi alisema, "Mwambie afume tatu, mbili zikipinda nipate moja ya kuvaa." Akauliza habari za mbwa wake. Akasema usiguse upinde wake.

Sasa nisikilize, kwa maana kaka yangu si mtu wa kueleza. Kiapo alichoapa ni cha zamani katika nchi hii. Konti akiuomba mnara, awe na hasira au awe na amani, unapewa. Anapandisha bendera yake juu, anakaa siku arobaini, kisha anaurudisha kama alivyoukuta, hata kuni. Hakuna aibu ndani yake. Mwombaji anakuja mchana, na bendera, anaita langoni mara tatu kati ya asubuhi na magharibi. Kama bwana mwenyewe hayupo, yeyote mwenye funguo anaweza kufungua.

Siku hiyo ikifika, msiulize kwa nini. Fungueni. Kaka yako amesimama juu ya neno hilo kama mtu aliyesimama juu ya kigoda.

Mwambie baba yako paa la kanisa alilikuta linavuja tangu kwa babu yetu.

Shangazi yako,
Aremburge

*

Maurepierre, wiki moja baada ya Mtakatifu Martini

Shikamoo Shangazi. Tunaendelea vizuri. Mbwa wa Josselin amezaa, jambo ambalo limetushangaza sote kwa sababu Josselin alimpa jina la kiume. Upinde sijaugusa.

Tumepata mgeni. Unamjua Konti Guerric wa Thorrenne, ambaye ndiye aliyempa Baba kinu na mashamba ya ng'ambo ya mto. Sikujua kwamba kwa ajili ya kinu hicho Baba alimwapia naye pia, miaka mingi kabla ya Konti Hardouin. Sasa makonti hawa wawili wanagombea ushuru wa daraja, na mnara wetu ndio unaolitazama daraja.

Alikuja na wapanda farasi wengi, akaketi kwenye kiti cha Mama. Nilimimina divai. Alimtazama Baba akacheka.

"Foulcher, hebu nionyeshe mikono yako. Ina ukubwa gani hata ikaingia kwenye mikono ya mabwana wawili?"

"Ni midogo, Bwana," Baba akasema. "Ndiyo maana inaingia kote."

Watu wakacheka. Konti Guerric naye alicheka, kisha akaacha ghafla.

"Siku Hardouin akikuomba mnara, wewe utakuwa umelala. Usingizi mzito. Umenielewa?"

"Nina mtoto kule, Bwana."

"Na mwingine unaye hapa," akasema, akinyoosha kikombe ili nimjazie.

Alipoondoka aliacha watu wake kumi katika ua wa chini, watusaidie kulinda. Mkubwa wao anaitwa Tescelin. Ni mtu wa maneno mengi na wote wanakula sana. Maroie anasema wakimaliza bata watakula mlango.

Baba anakohoa. Wale watoto wa mbwa ni watano, mmoja mweupe.

Soksi moja imekamilika.

Osanne

*

Fontclaire, wiki ya kwanza ya Majilio

Osanne mwanangu, marahaba. Tunafunga, tuko salama, na baridi imeingia hadi kwenye wino. Nauweka kwapani kabla ya kuandika.

Umeandika "Baba anakohoa" kisha ukarukia watoto wa mbwa. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika. Nakujua unaporuka. Anakohoa namna gani? Amelala au anatembea? Anasema nini kuhusu mnara? Barua nzima hakuna neno lake baada ya yule mgeni wenu kuondoka.

Josselin wamemshusha. Hayuko tena kwenye chumba cha dirisha, yuko chini, na mkate napitisha kwenye tundu. Sikumwona uso Ijumaa hii, nilimsikia. Aliuliza kama ni mimi au ni yule sista anayekohoa. Nikasema ni mimi. Akasema, "Basi mkate wa leo hautakuwa na mate." Bado ana utani. Lakini aliushika mkono wangu pale tunduni na hakuuachia mpaka mlinzi alipogonga.

Wafuaji nguo wa ngome wanasema bendera imetolewa sandukuni na kupigwa pasi. Wataomba kabla ya Noeli. Mwambie kaka yangu hivi kutoka kwangu, neno kwa neno: Foulcher, fungua. Habari za Guerric utazijua baadaye, mtoto hana baadaye.

Kuna jambo jingine la desturi ambalo huenda... Basi, liache. Mama Abesi husoma barua zetu kabla hazijatoka, na si jambo la kuandikwa na dada wa mtu.

Nijibu upesi. Garin nimemlipa jibini nzima.

Aremburge

*

Maurepierre, siku ya pili baada ya Mtakatifu Tomaso

Shikamoo Shangazi. Samahani kwa kuchelewa. Theluji ilifunga njia na Garin alikaa kwa dada yake.

Baba hajambo. Hashuki, kwa sababu ngazi zinamchosha, lakini ni mimi ninayempandishia mchuzi wa njegere kila adhuhuri na leo ameumaliza wote. Tescelin huniuliza kila siku, "Mzee anakula?" Namwonyesha bakuli tupu. Anasema, "Mgonjwa mwenye tumbo hilo atatuzika sote."

Bendera ilikuja jana, Shangazi.

Mshika bendera ni mtu mnene mwenye mafua, jina lake Milon. Alikuja na watu wawili tu. Asubuhi alisimama mbele ya lango akaita: "Foulcher wa Maurepierre! Konti wako anauomba mnara wake, awe na hasira au awe na amani." Hakuna aliyejibu. Watu wa Tescelin walikuwa ukutani juu, wakamtupia mifupa. Alikaa juu ya jiwe akangoja. Maroie alikuwa akipita karibu na tundu la lango, akamsikia anauliza, "Mama, hakuna supu huko?" Maroie akamwambia supu ipo ila njia ya kuipitisha haipo. Akacheka, akapiga chafya.

Adhuhuri akaita tena.

Magharibi akaita mara ya tatu. Mimi nilikuwa nyuma ya lango, Shangazi, na funguo. Watu wa Tescelin walikuwa wameingia kula. Hakukuwa na mtu wa kunizuia. Alipomaliza kuita kwa ile sauti ya bendera alisogea karibu na mbao akasema polepole, kwa sauti yake mwenyewe: "Kama kuna mtu nyuma ya lango hili, aseme neno. Neno lolote nitalipeleka."

Nilifungua mdomo. Unanijua. Sauti haikutoka. Nilifikiri nikisema neno moja ataniuliza la pili.

Alingoja. Kisha akachukua unyasi, akauvunja, akautupa langoni, akapanda farasi wake. Maroie anasema unyasi ukivunjwa hivyo urafiki wa bwana na mtu wake umekwisha. Ni kweli? Au wanaweza kuja tena baada ya Noeli? Mwambie Konti kwamba Baba ni mgonjwa. Mwambie atajibu akipona.

Garin anakuja na soksi zote mbili. Kisigino kimoja kimepinda. Mpe Josselin na umwambie nitamfumia nyingine nzuri zaidi.

Osanne

*

Fontclaire, siku ya Mtakatifu Visenti

Osanne mwanangu,

Njia ilifungwa tena, ndiyo maana nimechelewa. Sista Richeut amefariki wiki ya Epifania. Kwaya imekuwa kimya na hatulali vizuri kwa kukosa kikohozi chake.

Soksi zimefika. Nimemvisha mimi mwenyewe. Zinamtosha, na kile kisigino hakionekani.

Nataka unijibu swali moja na usiruke. Watu wa hapa wanasema kaka yangu alisikia akiitwa mara tatu, akajifunika blanketi. Wafuaji wanatema mate wakilitaja jina lake, nami nawapita na kikapu changu. Foulcher nilimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Niambie kama alikuwa dirishani siku ile. Nahitaji kujua namna ya kumwombea.

Na sasa nitaandika lile nililoliacha Majilio, Mama Abesi alisome akitaka. Kiapo kile kinashika mtu aliyekiapa akiwa hai. Akifa, kinalala. Kengele inalia, kifo kinatangazwa juu ya mnara, na tangu hapo Konti hawezi kuomba kitu kwa siku arobaini, wala kuigusa dhamana. Na kama dhamana ndiyo mrithi, lazima aachiwe aende nyumbani, kwa sababu hakuna mwingine wa kuweka mikono na kuapa. Hata Hardouin asingeweza kuipita sheria hiyo. Makabaila wake wenyewe wangemwacha. Sikuiandika wakati ule kwa kuwa ingekuwa kama kumtakia ndugu yangu kifo.

Kula vizuri. Kaa karibu na Maroie.

Aremburge

*

Maurepierre, Jumatano ya Majivu

Shangazi, shikamoo. Naandika haraka, lakini si kwa huzuni.

Nimefurahi sana kwamba walikuruhusu kuingia ukamvisha. Nilikuwa nafikiri bado unapitisha vitu tunduni.

Sitaruka tena. Baba alifariki siku ya Mtakatifu Nikolai, kabla bendera haijaja. Hakuwa dirishani. Hakusikia kitu. Unaweza kumwombea kama mtu mwema, na uwaambie hao wafuaji.

Alikuwa akitema damu tangu Mtakatifu Martini. Siku ile asubuhi aliniita akaniambia, "Osanne, kengele isilie." Nikamwambia, "Nimwite padre?" Akasema, "Padre ana mdomo. Wakisikia nimekufa, kabla sijapoa makonti wawili watakuwa langoni, na kila mmoja ana mume wa kukuoza mfukoni. Mngoje kaka yako. Yeye akija ndiye atakayekutetea." Akamtuma Maroie akakate kamba ya kengele mbele yake, ili nisije nikalegea. Alikufa ameishika ile kamba. Usiku tulimzika mimi na Maroie katika ghala la nafaka, chini ya mawe ya sakafu, na nilimsomea zaburi zote ninazozijua kwa moyo. Tangu siku hiyo nilipanda na mchuzi kila adhuhuri na kuunywa mwenyewe, nimeketi kitandani kwake. Nimenenepa kidogo. Maroie hachekelei tena jambo hilo.

Sikuijua desturi uliyoiandika. Baba naye sijui kama aliifikiria. Alikuwa akiniwazia mimi. Siku ya bendera neno langu lingetosha. Yule mtu aliniambia neno lolote. Nimelifikiria hilo tangu barua yako ilipofika jana na kama ningekuwa na muda ningekaa chini nilie. Lakini nikasoma tena, nikaona kwamba kiapo kimelala tangu Mtakatifu Nikolai, tuseme tusiseme. Waliuomba mnara kwa mtu aliyekufa. Basi hakuna aliyewakatalia, na lazima wamwachie Josselin.

Kwa hiyo asubuhi ya leo nilipanda juu kabisa. Kamba haikuwepo, nikapanda ngazi ya mbao hadi kwenye kengele yenyewe na kuipiga kwa shada la funguo. Ililia vibaya sana, kama sufuria. Watu wote walitoka uani, na wa kinuni, na wa darajani. Nikasimama ukingoni nikaita: "Bwana Foulcher amefariki. Josselin ndiye bwana wa Maurepierre." Mara tatu, Shangazi. Mara ya kwanza haikusikika vizuri. Mara ya tatu ilirudi kutoka ng'ambo ya mto. Maroie anasema hata mbuzi waliacha kula. Sikujua kwamba ninayo sauti hiyo, ilikuwa imekaa wapi?

Tescelin alipanda. Nilidhani atanipiga. Alinitazama tu.

"Umesema nani ndiye bwana?"

"Kaka yangu. Josselin."

Akavua kofia, akajikuna kichwa. Kisha akasema, "Shuka, binti. Kuna upepo," akanishika kiwiko kwenye ngazi kama mtu anayemshusha mgonjwa. Nadhani sasa ananiogopa kidogo.

Mwambie Josselin avae kofia njiani, theluji haijayeyuka upande wa msitu. Yule mtoto wa mbwa mweupe nimemwekea.

Osanne wako

*

Fontclaire, Jumapili ya nne ya Kwaresima

Osanne.

Barua yako niliipata Jumatatu. Sitaandika habari za nyumba.

Kaka yako alinyongwa mbele ya lango la Brancourt siku iliyofuata Epifania. Konti alisema Foulcher amelikana neno lake na dhamana imeanguka. Ilikuwa mchana na watu wengi walikuwepo. Tulisimama barabarani na Mama Abesi akaimba, na sisi tukamfuata, ili awe na kitu cha kusikiliza. Sista Richeut alitoka kitandani kuja kuimba, na hilo ndilo lililomuua.

Walituachia mwili siku ya nne. Garin alikuwa amefika asubuhi ileile na soksi zako. Nilimwosha mwenyewe, nikamvisha. Amelala bustanini kwetu, upande wa tufaha.

Sikukuambia kwa sababu siku utakayojua, wewe ndiye mrithi, na barua yangu inapita kwenye mikono mingi njiani. Nilitaka ubaki dada wa mtu kwa muda kidogo zaidi. Na nilikuuliza kuhusu kaka yangu kwa ajili ya sala zangu tu. Sikufikiri utapanda.

Barua yako nimemsomea Mama Abesi, na kesho yake akaenda nayo ngomeni peke yake, kwa miguu. Konti aliisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mbona hakuna aliyeniambia?" Akaagiza Misa thelathini kwa ajili ya Josselin na akazilipia.

Wafuaji hawatemi mate tena.

Kila mtu wa nchi hii sasa anajua Maurepierre haina mwanamume. Kama unaweza kutoka, njoo. Kama huwezi, usiweke saini kitu chochote bila kusoma.

Aremburge

*

Maurepierre, Jumatatu baada ya Pentekoste

Shikamoo Shangazi. Natumaini masista wote ni wazima na kwamba mitufaha imechanua. Sisi huku tumejaliwa mvua. Mbwa wanaendelea vizuri. Yule mweupe nimempa Garin kwa taabu zake.

Barua yako ilinifikia siku ya Matawi. Sikuweza kutoka. Watu wa Tescelin walikuwa kwenye ngazi, si kwa ubaya, kwa amri tu. Konti Guerric alikuwa amenichagulia mpwa wake awe mume wangu. Siku hiyo Tescelin aliniona na barua mkononi akasema, "Basi umejua." Nikamwambia, "Nawe ulijua." Akasema, "Daraja zima lilijua, binti. Tulipokusikia juu kule hakuna aliyeweza kukutazama." Alikaa nami kwenye ngazi kwa muda.

Mpwa sikumwona. Baada ya Pasaka makonti walikutana katikati ya daraja, wakabusiana midomoni mbele ya watu, wakala kondoo. Ushuru wa daraja wamegawana nusu kwa nusu. Guerric akaachia madai yake juu ya mnara huu, na Tescelin na watu wake wakaondoka siku hiyohiyo na bata wote waliobaki. Maroie aliwahesabia bata wenyewe hadi langoni, akiwataja kwa majina.

Kwa hiyo mimi nimekwenda upande wa Hardouin pamoja na mnara. Amenioza kwa Milon, mshika bendera. Ndoa ilikuwa Jumamosi. Ni mjane, hapigi mtu, na mafua yake hayaishi. Chakulani usiku ule alikula mkate mpaka ukaisha, kisha akasema, bila kuinua macho, "Nilikusikia unapumua nyuma ya lango." Nikamwambia najua. Akasema, "Nilingoja nilivyoweza." Nikamwambia hilo nalo najua. Kwa siku mbili sasa ndivyo tulivyozungumza.

Jana, siku ya Pentekoste, nilipiga magoti mbele ya Konti Hardouin nikaweka mikono yangu ndani ya mikono yake. Nilidhani itakuwa ya baridi. Ilikuwa ya moto na mikavu, kama mkate. Nilisema maneno ya kiapo na akanikatisha. "Sauti, bibi. Mashahidi wa nyuma hawasikii." Basi nikayasema upya, kwamba nitautoa mnara siku yoyote atakayouomba, awe na hasira au awe na amani, na nyumba nzima ikasikia. Mama Abesi angeridhika.

Akaomba dhamana. Mimi sina mtu. Walinong'onezana kidogo, kisha padre akaandika kwamba itakuwa mtoto wangu wa kwanza, akifikisha miaka saba. Nilisoma kabla ya kuweka alama, kama ulivyoniambia. Kiapo kilikuwa kimeandikwa vizuri, bila kosa.

Baba tumemtoa ghalani tukamzika kanisani karibu na Mama. Paa bado linavuja, linamdondokea yeye.

Kengele nimeitia kamba mpya. Ile ya zamani iliishia ghorofa ya juu, mtu alilazimika kupanda. Hii nimeipitisha kwenye tundu sakafuni na kuishusha mpaka jikoni, kando ya meko, na ncha yake nimeifunga fundo chini kabisa, mahali ambapo mtoto mdogo anafikia. Milon aliishika akapima urefu wake, akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya yeyote wa nyumba hii ambaye siku ikifika sauti yake haitatoka.

Mimi mwanao,
Osanne